Sura Bila Majina, Majina Bila Sura: Hatima ya Masimulizi ya Wapiganaji Wetu Wakongwe

Wahenga walinena kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Methali hii imezoeleka mno katika insha za shule hata makali yake yakafifia, lakini katika jambo ninalokusudia kulijadili hapa ingali kali kama wembe. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 18 alipovuka mto Chindwin kule Burma mwaka 1944 alizaliwa mwaka 1926. Msichana aliyekuwa na miaka 20 hali ya hatari ilipotangazwa nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952 alizaliwa mwaka 1932. Msomaji na apige hesabu mwenyewe. Waliosalia ni wachache, na kila mwaka wanazidi kupungua. Swali ninalowauliza wana-Kiswahili wenzangu ni hili: masimulizi yao tutayahifadhije, na sisi tulio katika taaluma ya lugha na fasihi tuna fungu gani katika kazi hiyo?

Maoni yangu ni kwamba tunahitaji maonyesho ya hadharani ya taswira za wapiganaji hawa, yaani picha za sura zao zilizopigwa au kuchorwa kwa uangalifu na kwa ridhaa yao, zikiambatana na majina yao kamili na maneno yao wenyewe. Aidha, maneno hayo yapatikane kwa Kiswahili. Nimeyataja mambo matatu kwa pamoja, sura, jina na maneno, kwa sababu historia ya kumbukumbu za vita katika nchi hii ni historia ya kuyatenganisha mambo hayo matatu.

Tulivyowakumbuka kufikia sasa

Tuanzie Nairobi. Kwenye Kenyatta Avenue zimesimama sanamu za shaba za watu watatu, miongoni mwao askari na mchukuzi wa mizigo. Ni kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, na ziliwekwa mwaka 1928 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na kufa katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Maandishi yake yako katika Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Hebu tulitafakari hilo: katika miaka ya 1920 hata watawala wa kikoloni walitambua kwamba Mwafrika wa pande hizi angezungumziwa kwa Kiswahili. Maandishi hayo yanamwahidi msomaji kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Lakini zunguka sanamu hizo pande zote uzitakazo, hutaona jina hata moja la askari wala la mchukuzi. Ahadi ya kukumbukwa kwa jina imeandikwa mahali pasipo na majina.

Wapita njia nao hawana la kuwasaidia wafu hawa. Nimewahi kuwauliza vijana kadhaa waliokuwa wakisubiriana karibu na sanamu hizo kama wanajua ni za akina nani. Mmoja alinijibu kuwa ni Mau Mau. Mwingine alisema ni "askari tu wa kitambo". Siwalaumu. Hakuna aliyewahi kuwaambia, na jiwe lenyewe halina habari zaidi ya hizo.

Haya hayakutokea kwa bahati mbaya. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine wafikao 350,000, waliokufa wakiitumikia dola ya Uingereza katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Waafrika walikusanywa pamoja chini ya sanamu moja, ilhali askari Mzungu aliyekufa katika vita vivyo hivyo alitafutiwa kaburi lake na jiwe lake lenye jina. Wachukuzi walioandikishwa walikuwa mamia ya maelfu. Makumi ya maelfu miongoni mwao walifariki, wengi kwa maradhi na utapiamlo. Kilichobaki kwao ni mitaa miwili mashuhuri, Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, ambayo majina yake yametokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Leo mtu huenda Kariokor kununua vyondo au kula nyama choma bila kujua kwamba analitamka jina la jeshi la watu waliobeba vita mabegani.

Vita Vikuu vya Pili vilileta hali iliyo kinyume. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani katika Bahari ya Hindi. Ilizama kwa muda usiozidi dakika chache. Watu wapatao 1,300 walikufa, wengi wao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki; waliookolewa walikuwa mia mbili na ushei. Katika makaburi ya vita ya Ngong Road jijini Nairobi upo ukuta wa majina ya askari wa vita hivyo wasiokuwa na makaburi. Hapo majina yapo. Sura hazipo, na habari hazipo. Msomaji wa ukuta ule hawezi kujua nani alikuwa mchungaji wa mbuzi kabla ya kuitwa na chifu, nani aliacha mchumba, wala nani hakuwahi kuiona bahari hadi siku alipoipanda meli ile.

Kisha tuitazame vita ya ukombozi. Chama cha Mau Mau kilipigwa marufuku mwaka 1950, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Katika miongo hiyo minne mpigaji vita vya msituni alikuwa, kwa mujibu wa sheria, mfuasi wa chama haramu katika nchi aliyoipigania. Sanamu ya Dedan Kimathi ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe katika gereza la Kamiti. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9 kwa mateso waliyotendewa wakati wa hali ya hatari, na tarehe 12 Septemba 2015 mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru Park. Mnara huo unamwonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula, kila mmoja akiwa ameugeuzia uso upande mwingine ili wasitambuane, asije mmoja akamtaja mwenzake akikamatwa. Ni wazo zuri la kisanaa na ni la kweli kihistoria. Hata hivyo, litazame kwa makini: tunawakumbuka watu 5,228, na wale wawili tuliowasimamisha kwa niaba yao wamefichana nyuso.

Alhasili, mahali pamoja tuna sura bila majina, mahali pengine majina bila sura, na kwingi tuna ukimya. Shujaa mmoja mashuhuri amepata sanamu, naye anastahili. Maelfu waliobaki wamepata jumla yao tu.

Picha ni mali ya nani?

Huenda msomaji akasema kwamba picha za wapiganaji zipo tele katika vitabu na hifadhi za nyaraka. Ni kweli. Lakini ni lazima tuulize ni nani aliyezipiga na kwa lengo gani. Picha ya Kimathi inayojulikana kuliko zote ni ile iliyopigwa baada ya kukamatwa kwake mwezi Oktoba 1956: amelala, mkono una pingu. Mpiga picha alisimama juu yake, naye alikuwa chini. Picha ile ilikusudiwa kuwa tangazo la ushindi wa serikali. Leo tunaivaa kwenye fulana na kuibandika kwenye matatu kwa heshima, jambo linaloonyesha kwamba wananchi wanaweza kuigeuza maana ya picha. Lakini ukweli unabaki kwamba mwenye picha hakuulizwa kama anataka kuonekana hivyo.

Ukoloni ulikuwa na mazoea yake kuhusu utambulisho wa Mwafrika. Kipande, ambacho mwanamume alikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati, kilimtambulisha kwa alama za vidole. Wakati wa hali ya hatari, kwenye misako na uchujaji wa washukiwa, watu waliletwa wakiwa wamevishwa magunia vichwani, yametobolewa sehemu ya macho tu, wakawatazama wenzao waliopangwa mstari na kutikisa kichwa. Mtu asiyekuwa na uso ndiye aliyeamua nani apelekwe kizuizini. Katika historia ya namna hii, kumkalisha mzee kwenye kiti chake, kumwuliza avae nini, ashike nini, atazame wapi, kisha kuitundika picha hiyo mahali ambapo umma unapita, ni kumrudishia kitu alichonyang'anywa.

Ndiyo maana nasisitiza ridhaa na uamuzi wa mwenye sura. Mmoja atataka kuvaa koti lake na nishani zake. Mwingine atakataa nishani kwa sababu anajua kwamba askari wa vita vya pili walipoagwa, malipo yao yalipangwa kwa rangi ya ngozi, Mwafrika akiwa chini kabisa. Mwingine atataka akae na mkewe, kwa kuwa ndiye aliyemficha. Kuna yule asiyetaka kupigwa picha kabisa, naye aheshimiwe. Sauti yake yaweza kusikika bila sura yake. Tunaye mfano ulio karibu. Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepewa cheo cha juu kabisa katika jeshi la msituni, alizifuga nywele zake tangu siku za msitu hadi Aprili 2022 zilipokatwa hadharani; alifariki Septemba 2023. Kwa karibu miaka 70 alikuwa amejichagulia taswira yake mwenyewe, na kila aliyemwona alilazimika kuuliza. Hakuhitaji mchongaji. Alichohitaji ni wasikilizaji.

Hapa yafaa niguse msemo uliozoeleka, unaotokana na Amadou Hampâté Bâ wa Mali, wa kumlinganisha mzee afaye na maktaba iteketeayo. Ni ulinganisho wenye nguvu, lakini umetuletea uvivu. Maktaba humngoja msomaji. Milango yake hufunguliwa saa mbili asubuhi na vitabu vimepangwa rafuni. Mzee hasomwi hivyo. Ni lazima aulizwe, aulizwe kwa adabu, aulizwe mara ya pili baada ya kukataa mara ya kwanza, na aulizwe na mtu anayejua la kuuliza. Wengi wamekwenda na siri zao kwa sababu hakuna aliyebisha hodi.

Maneno yaliyo chini ya picha

Sasa niingie katika uwanja wetu. Picha bila maneno ni bubu. Aliye na jukumu la kuandika yale maneno machache yaliyo chini au kando ya picha ana mamlaka makubwa kuliko mpiga picha, kwa kuwa ndiye anayemwambia mtazamaji anachokiona. Utanzu huu mdogo hatujaufundisha wala kuutafiti katika idara zetu, ilhali tunafundisha wasifu na tawasifu kila mwaka.

Hatari ya kwanza ni maneno matupu. Tumezoea kuandika kwamba fulani ni shujaa aliyejitolea mhanga kwa ajili ya taifa. Maneno hayo yanaweza kubandikwa chini ya picha yoyote, na kwa hiyo hayamhusu yeyote. Kinachomtofautisha mtu na mwenzake ni mambo madogo: alikula nini msituni, nani aliyemfundisha kufyatua bunduki, mshahara wake wa kwanza aliufanyia nini, alirudi nyumbani akakuta shamba limeandikwa kwa jina la nani. Maelezo ya maneno mia moja yaliyojaa mambo ya namna hii yatamsimamisha mpita njia. Shairi la beti ishirini la kumsifu halitamsimamisha.

Hatari ya pili ni yetu sisi wasomi wa Kiswahili, nayo ni tamaa ya kusahihisha. Jeshi la KAR, ambalo wananchi waliliita Keya, lilikuwa na Kiswahili chake, Kiswahili cha kambini, chenye upatanisho wa kisarufi ambao ungewatia kichefuchefu walimu wetu. Kilizungumzwa na Mkamba, Mkalenjin, Mluhya, Mnyasa na Msomali wakiwa katika handaki moja. Baadhi ya wazee waliokwenda vitani walikitumia Kiswahili hicho maisha yao yote. Tukikinyoosha ili kifanane na Kiswahili cha vitabuni, tutakuwa tumemvua mzee sare yake na kumvika joho la mahafali. Na yaandikwe aliyosema jinsi alivyoyasema. Kama pana neno lisiloeleweka, lielezwe kando. Maneno kama Keya, na panyako kwa wale wa kikosi cha kazi, ni makumbusho yenyewe; leksikografia yetu ingefaidika kuyakusanya kabla hayajapotea pamoja na wenyewe.

Naomba nieleweke. Sisemi kwamba fasihi yetu imenyamaza kuhusu vita. Vita vya Maji Maji vina utenzi wake uliotungwa na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi. Shaaban Robert aliandika Utenzi wa Vita vya Uhuru kuhusu vita vya mwaka 1939 hadi 1945. P. M. Kareithi alituachia Kaburi bila Msalaba mwaka 1969, riwaya inayoingia ndani ya vita vya msituni. Hizo ni hazina. Lakini utenzi huwa na desturi ya kutazama vita kutoka juu, majeshi yakisonga na wafalme wakianguka, na riwaya huwa na wahusika wa kubuni. Kati ya utenzi na riwaya pana pengo, nalo ni la yule mtu mmoja wa kweli mwenye jina, kijiji na kovu. Maonyesho ya taswira na masimulizi yanaweza kuliziba pengo hilo, na watu wanaofaa kuyaandika maneno yake ni wale waliofunzwa kusikiliza sauti, mtindo na toni ya msimulizi. Watu hao ni sisi.

Hoja za wanaopinga

Yapo mapingamizi, tena mazito. La kwanza ni la njaa. Watu husema: wazee hawa hawana ardhi, hawana dawa, wengine wanaishi kwa hisani ya majirani, nanyi mnawaletea picha? Hoja hii inanigusa, na sitaijibu kwa wepesi. Haki ya mzee kupata matibabu na ardhi ndiyo ya kwanza. Lakini tujiulize ilikuwaje wale wazee watano waliofungua kesi London mwaka 2009 wakasikilizwa. Pamoja na nyaraka zilizokuwa zimefichwa na kufichuliwa mwaka 2011, walisikilizwa kwa sababu walikuwa na masimulizi mahususi, ya mahali na siku na majina, na walikwenda wao wenyewe wakasimama mbele ya mahakama na mbele ya kamera. Jane Muthoni Mara, Paulo Muoka Nzili na Wambugu wa Nyingi walikuwa na nyuso, majina na maneno kwa pamoja. Mtu asiyeonekana ni rahisi kunyimwa. Kwa hiyo maonyesho hayashindani na madai ya haki. Huyatangulia na kuyasaidia.

Pingamizi la pili ni la kutonesha vidonda. Nchi hii ilishauriwa mapema, tangu siku za uhuru, isamehe na kusahau. Lakini wengine walisamehe bila kuambiwa wamesamehe nini. Tena wapo walinzi wa kijiji waliopigana upande wa serikali, na wapo askari wa Keya waliorudi kutoka Burma wakatumwa msituni kupigana na watu waliokuwa pamoja nao Burma. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, alikuwa askari wa Mwingereza huko Burma kabla ya kuwa jemadari wa Mau Mau. Familia moja iliweza kuwa na mwana msituni na mwana mwingine katika kituo cha walinzi. Maonyesho yawaweke wapi watu hawa?

Jibu langu ni kwamba wawekwe. Mgala muue na haki yake mpe. Mlinzi wa kijiji aliye tayari kuketi, kusema jina lake na kueleza alichokifanya na kwa nini, asiachwe nje. Hapambwi kwa neno "shujaa". Anaandikwa alivyosema, na mtazamaji aachiwe hukumu. Maonyesho yatakayobeba upande mmoja tu yatakuwa bango la siasa, na mabango ya siasa tunayo ya kutosha. Zaidi ya hayo, tusisahau waliokwenda vitani baada ya uhuru. Wapo vijana wa Kenya waliokwenda Somalia tangu Oktoba 2011, wakiwemo waliokuwa El Adde siku ya tarehe 15 Januari 2016. Tukijifunza leo kumkumbuka askari wa 1944 kwa jina na kwa uso, huenda tukajua kumkumbuka na huyu ambaye mamake angali hai.

Maonyesho ya hadharani yana hatari yake, sikatai. Mpiga picha Luigi Toscano amekuwa akizitundika nje, mijini, picha kubwa za sura za watu walionusurika mateso ya Wanazi. Mwezi Mei 2019 huko Vienna picha hizo zilikatwakatwa kwa visu na kuchorwa alama za Kinazi. Lililofuata ndilo ninalotaka tulizingatie. Wakazi wa mji, wakiwemo vijana wa Kikristo na wa Kiislamu, walikuja na sindano na nyuzi wakazishona, kisha wakakesha wakizilinda. Kama picha hizo zingekuwa ndani ya jumba lenye mlinzi na tiketi, zingebaki salama, nao wakazi hao wasingepata nafasi ya kuonyesha wako upande gani.

Pingamizi la tatu linatoka kwa watetezi wa lugha za mama. Wazee wengi wa Mau Mau husimulia kwa Kikuyu, Kiembu, Kimeru au Kikamba. Kwa nini Kiswahili? Nakubaliana nao nusu. Sauti na maandishi ya asili yabaki katika lugha ya msimulizi, na yatangulie. Lakini mkulima wa Butere, mvuvi wa Lamu na mchuuzi wa Garissa nao wana haki ya kuusoma uso wa mzee wa Nyeri, na lugha itakayowafikisha wote watatu kwake ni moja. Kinyume chake pia ni kweli: mtu wa Nyeri anahitaji kuwajua wachukuzi wa Pwani na wa Magharibi waliofia mashambani kwa Wajerumani. Kiswahili kisipofanya kazi hiyo, kila jamii itabaki na mashujaa wake kama vile nchi ilipiganiwa na kijiji kimoja.

Tufanye nini?

Sheria haikosekani. Katiba ya 2010 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, Sheria ya Mashujaa wa Kenya ilipitishwa mwaka 2014, na tarehe 20 Oktoba ni Sikukuu ya Mashujaa. Kinachotendeka siku hiyo tunakijua: hotuba, gwaride, na wazee wachache wakiwa wameketishwa kwenye hema hadi jua litue. Napendekeza mambo manne ambayo hayahitaji kusubiri bajeti ya serikali.

Kwanza, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vyetu vishirikiane na wanafunzi wa historia na wa sanaa kuwarekodi wazee, kila kundi katika eneo lake. Mwanafunzi wa fasihi simulizi tayari hutumwa nyanjani. Atumwe pia kwa mpiganaji, au kwa mjane wake na wanawe ikiwa yeye ametangulia mbele ya haki.

Pili, maonyesho yafanyike mahali watu walipo: sokoni, kwenye kituo cha magari, uani mwa kanisa au msikiti, kwenye ukuta wa shule. Makumbusho yetu ni mazuri, lakini mama muuza mboga hana siku ya kuyatembelea. Picha kubwa kwenye turubai, kamba na miti vinatosha kuanzia. Sikukuu ya Mashujaa huzunguka kaunti mbalimbali. Taswira na zizunguke nayo.

Tatu, kila anayepigwa picha apewe nakala yake kabla umma haujaiona, asomewe maneno yaliyoandikwa kumhusu, na asiporidhika yabadilishwe. Mapato yoyote yakipatikana, ayapate yeye au jamaa yake. Tusiwe wachimba madini wengine waliokuja kuchukua na kuondoka.

Nne, majarida yetu, likiwemo hili, yatenge kurasa katika kila toleo kwa simulizi moja na sura moja. Na walimu wetu wakubali tasnifu za uzamili na uzamifu zinazochunguza masimulizi haya, badala ya kila mwaka kuturudisha katika riwaya zile zile tatu au nne.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba tatizo letu si ukosefu wa sanamu. Sanamu tunazo, na nyingine zitajengwa. Tatizo ni kwamba tumeyatenganisha mambo yanayomfanya mtu awe mtu, tukamweka uso wake hapa, jina lake kule, na maneno yake tukayaacha yamfuate kaburini. Mjane wa Kimathi, Mukami, alifariki Mei 2023 bila kuyaona mabaki ya mumewe yakizikwa upya kwa heshima, baada ya kuyadai kwa miongo mingi. Deni lile hatukuwahi kulilipa akiwa hai. Yapo madeni mengine madogo ambayo bado tunaweza kuyalipa, na gharama yake ni nauli, daftari, kinasa sauti na subira ya alasiri moja.

Likizo inakaribia, na kila mmoja wetu ana kijiji. Aulizie kama yupo mzee au ajuza aliyewahi kwenda vitani, msituni au kizuizini, aende akamsabahi, na kabla ya swali lingine lolote amwombe jina lake kamili, kisha aliandike jinsi mwenyewe anavyolitamka.